Naomba ushauri: simu ya kazi yenye kibodi ya vitufe, je, bado ipo ya kununua?

MamaKurasini ameuliza:

Habari zenu, ndugu zangu. Nafanya kazi ya uwakala wa forodha jijini Dar es Salaam. Ofisi yetu ni ndogo, ya watu wanne, lakini sehemu kubwa ya siku yangu hupita nje ya ofisi hiyo: getini bandarini, kwenye bandari kavu, au ndani ya gari nikisubiri lori lipakiwe. Huko ndiko ninakoandikia barua pepe nyingi zaidi, kwa wateja wa Lubumbashi, Lusaka na Kigali ambao mizigo yao hupitia hapa, na barua zenyewe si za mistari miwili. Zina namba za makontena, namba za hati za shehena, uzito, tarehe ya meli kufika na idadi ya siku zilizobaki kabla tozo za kuhifadhi mzigo hazijaanza kuhesabiwa.

Kwa asiye wa kazi hii, nieleze ugumu ulipo. Namba ya kontena ina herufi 4 na tarakimu 7. Herufi ya nne kwa makontena ya mizigo huwa U, na tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na alama 10 zinazotangulia, yaani herufi 4 na tarakimu 6, ili makosa yanaswe. Mfumo wa kompyuta huikataa namba iliyokosewa papo hapo, lakini barua pepe hupokea chochote unachoandika. Kwenye simu yangu ya kioo naandika herufi 4, nafungua ubao wa tarakimu, kidole kinagusa 6 wakati nimekusudia 9, narudi nyuma kufuta, na wakati huohuo kisahihishaji kinageuza maneno yangu ya Kiswahili kuwa ya Kiingereza. Mwezi uliopita nilituma namba ambayo tarakimu zake mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi. Dereva alitafuta kontena lisilokuwepo tangu asubuhi hadi saa tisa alasiri, na tulipogundua kosa, muda wa bure ulikuwa umekwisha. Tozo ya siku hiyo niliilipa mwenyewe, kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Zamani sikuwa na shida hii. Nilianza na Nokia E71, nikahamia BlackBerry Bold 9900, na kwa simu zote mbili niliandika huku macho yakiwa kwenye hati na si kwenye simu, kwa kuwa kidole gumba kilikwishajua kila kitufe kilipo. Niliachana na Bold mwishoni mwa mwaka 2017, WhatsApp ilipoacha kufanya kazi kwenye mfumo wake, na wateja wangu wote walikuwa huko.

Sasa nataka kurudi kwenye vitufe. Bajeti yangu ni shilingi milioni 1.2. Ninahitaji WhatsApp, barua pepe ya ofisi, programu za benki mbili, laini mbili, na betri itakayonifikisha jioni. Muuzaji mmoja Kariakoo ananipa BlackBerry KEY2 kwa shilingi 450,000 na anasema ni mpya kabisa, iko kwenye boksi lake. Niichukue? Na kama si hiyo, ni ipi?

FundiAggrey amejibu:

Shikamoo, Mama Kurasini. Ninatengeneza simu mtaa wa Aggrey kwa mwaka wa kumi na tatu sasa, na simu za vitufe nimezifungua nyingi. Naomba nianze na hilo neno «mpya».

KEY2 ilitoka mwaka 2018. Kampuni ya BlackBerry ya Kanada haikuwa ikiitengeneza yenyewe. Ilikuwa imewapa TCL wa China haki ya kutumia jina hilo, na haki hiyo ilikoma tarehe 31 Agosti 2020. Kwa hiyo KEY2 inayouzwa leo kama mpya ni ama ile iliyokaa ghalani kwa miaka, ama iliyotumika ikafunguliwa, ikavalishwa jumba jipya na kuwekwa kwenye boksi lililochapishwa upya. Aina ya pili ndiyo ninayokutana nayo zaidi mezani kwangu. Sisemi kwamba muuzaji wako ni mwongo, kwani huenda naye aliuziwa hivyo hivyo.

Kabla hujatoa fedha, piga *#06# na ulinganishe namba ya utambulisho wa simu (IMEI) itakayotokea na ile iliyo kwenye boksi. Kisha itume namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, usome jina la mtengenezaji na modeli utakayorudishiwa. Utaratibu huu tunao tangu TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilipozima simu bandia mwezi Juni 2016, lakini watu wengi wamekwishausahau. Simu ikijibu kwa jina la modeli nyingine, iache hapo hapo.

Jambo la pili ni betri. Betri ya lithiamu huzeeka hata ikiwa haijaguswa. Betri iliyotengenezwa mwaka 2018 na kulala kwenye boksi haiwezi kuwa na nguvu ya siku ile, na ikiwa ililala ikiwa tupu kabisa, hali yake ni mbaya zaidi. KEY2 ilikuja na betri ya mAh 3,500 ambayo huwezi kuichomoa kwa mkono kama tulivyokuwa tukifanya kwenye Bold. Nikikubadilishia, nitakuwekea ya kunakili, kwa sababu betri halisi ya modeli hiyo siipati tena.

Jambo la tatu ni kibodi yenyewe. Watu hudhani kuwa vitufe ni imara kuliko kioo kwa sababu havipasuki. Chini ya vitufe kuna utando wenye vikombe vidogo vya chuma, na kutoka hapo mkanda mwembamba kama karatasi huelekea kwenye ubao mkuu wa simu. Chai ya maziwa ikimwagika juu ya kioo, unafuta na kuendelea na kazi. Ikimwagika juu ya vitufe, maji hukauka lakini sukari hubaki, na baada ya wiki moja kitufe cha A kinaandika mara mbili huku cha L kikigoma. Kwa hiyo ukiwa dukani fungua sehemu ya kuandika, ubonyeze kila kitufe mara kumi, kimoja baada ya kingine, pamoja na kile kirefu cha kuachia nafasi, ambacho kwenye KEY2 ndicho kinachosoma alama ya kidole. Muuzaji akikuharakisha, hiyo nayo ni taarifa.

WakiliArusha amejibu:

Mama Kurasini, pole kwa hasara hiyo. Mimi ni wakili na ninatumia KEY2 tangu mwaka 2019, kwa hiyo nitasema ninachokijua kwa mikono yangu.

Kwa kuandika, sijapata simu inayoifikia. Tarakimu zimepangwa juu ya herufi kama zilivyo kwenye simu ya zamani ya vitufe: 1, 2 na 3 ziko kwenye W, E na R, 4, 5 na 6 kwenye S, D na F, 7, 8 na 9 kwenye Z, X na C. Unabonyeza Alt mara mbili na inabaki imejifunga upande wa tarakimu hadi utakapoifungua. Kwa namba zako za makontena, hii maana yake ni kwamba unaandika herufi 4, unabonyeza Alt mara mbili, unaandika tarakimu 7, na mkono haujaondoka mahali pake. Ukitaka herufi kubwa, unakishikilia kitufe cha herufi hiyo kwa muda mfupi. Nyota iko kwenye A na reli kwenye Q. Hata alama ile ya juu tunayoihitaji katika «ng'ombe» na «kung'oa» haikufichwa, iko kwenye K. Ukipitisha kidole juu ya vitufe bila kuvibonyeza, ukurasa unapanda na kushuka, kwa hiyo unasoma hukumu ya kurasa 40 bila kidole kufunika maandishi. Kila herufi inaweza kupewa kazi mbili za mkato, moja kwa kubonyeza na nyingine kwa kushikilia, jumla 52. Kwangu B hufungua barua pepe na K hufungua kalenda ya mahakama.

Nikisema ukweli wote, lazima niongeze hili. KEY2 ilitoka na Android 8.1 na haikupandishwa zaidi ya hapo. Programu ya benki yangu ilifika siku ikaniambia kuwa mfumo wa simu hii ni wa zamani mno, nami nikahamishia mambo yote ya fedha kwenye simu ya pili, ya kioo. Kwa hiyo natembea na simu mbili: moja ya kuandikia na nyingine ya kila kitu kingine. Nimeridhika, lakini nilichagua hivyo nikijua. Wewe umeomba simu moja itakayofanya yote, na KEY2 haitakufaa kwa sharti hilo.

Mlinzi_wa_Mifumo amejibu:

Nawasalimu kutoka Nairobi. Ninasimamia mifumo ya kompyuta ya kampuni ya usafirishaji, na ninamheshimu wakili, lakini hapa naomba nipingane naye waziwazi, kwa sababu jambo hili linaweza kumgharimu mama yetu zaidi ya tozo ya siku moja.

TCL walipotangaza kuachana na jina la BlackBerry walisema wataendelea kuzihudumia simu walizouza hadi tarehe 31 Agosti 2022. Tarehe hiyo imepita zamani. Simu isiyopokea tena masasisho ya usalama ni kama nyumba ambayo funguo zake za akiba zimesambaa mtaani: kila tundu linalogunduliwa kwenye Android huzibwa kwenye simu za wengine, na maelezo ya tundu hilo hutangazwa hadharani, ilhali kwenye simu yako linabaki wazi. Sasa fikirieni kazi ya wakala wa forodha. Anapokea viambatisho kutoka kwa watu asiowajua, anatuma ankara, na wateja wake hulipa kwa kufuata maelekezo yaliyo kwenye barua pepe zake. Mwizi akiingia kwenye sanduku lake la barua haibi kitu siku hiyo. Anakaa kimya, anasoma mazungumzo, na siku ankara kubwa inapotumwa anaandika kwa mtindo uleule kwamba namba ya akaunti imebadilika. Wizi wa namna hii ni wa kawaida sana katika biashara ya mizigo, kwa kuwa fedha ni nyingi, watu wako nchi tofauti na kila mmoja ana haraka.

Kuna wanaosema kwamba BlackBerry ilisifika kwa usalama. Ni kweli ilisifika, lakini sifa ile ilitokana na mfumo mzima: seva za kampuni, usimbaji wa ujumbe tangu unapotoka hadi unapofika, na wahandisi waliokuwa kazini kila siku. Huduma za mifumo ile ya zamani, pamoja na BlackBerry 10, zilizimwa tarehe 4 Januari 2022. Kilichobaki kwenye KEY2 ni nembo na vitufe vizuri. Vitufe ni vizuri kweli, sibishani.

Kwa hiyo, Mama, swali la kwanza kwa simu yoyote utakayoonyeshwa lisiwe kuhusu kibodi. Fungua mipangilio, nenda sehemu inayoeleza habari za simu, usome mambo mawili: namba ya toleo la Android na tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Tarehe hiyo ikiwa ya zaidi ya mwaka mmoja nyuma, irudishe simu mezani. Ofisi nyingi zenye barua pepe zinazosimamiwa vizuri huzuia simu za namna hiyo zisiunganishwe kabisa, nami huku kwetu ndivyo nilivyoweka.

MamaKurasini amejibu:

Marahaba, Fundi, na ninawashukuru wote. Leo mchana nilirudi Kariakoo. Niliomba kupiga *#06# na muuzaji alikubali bila shida, lakini tarakimu tatu za mwisho hazikulingana na zile za kwenye boksi. Aliniambia boksi lilichanganywa na la simu nyingine. Nilimshukuru na kuondoka. Kitufe cha M nacho kilikuwa kikizama na kuchelewa kurudi, jambo ambalo nisingelijua kama nisingebonyeza mara kumi kama nilivyoelekezwa.

Ndugu Mlinzi, maelezo yako kuhusu ankara yamenigusa, kwa sababu mwenzetu mmoja wa kazi hii yalimkuta mambo yanayofanana sana na hayo. Basi nimeiondoa KEY2 kwenye mawazo yangu. Nimesikia habari za simu iitwayo Titan, na kuna aliyeniambia kuwa ziko za aina kadhaa. Je, kuna anayeitumia kwa kazi za kila siku?

AfisaUgavi_Dodoma amejibu:

Mama Kurasini, mimi ninayo Titan 2, na kazi yangu ya ununuzi na ugavi inafanana na yako kwa wingi wa namba.

Kwanza tutenganishe majina, maana wauzaji huyachanganya. Mtengenezaji ni Unihertz, kampuni ya Shanghai. Titan ya kwanza ilikuwa simu nzito mno, ya zaidi ya gramu 300. Ikaja Titan Pocket mwaka 2021, yenye kioo kidogo cha inchi 3.1, kisha Titan Slim mwaka 2022, yenye kioo kirefu cha inchi 4.2. Hizo mbili zilitoka na Android 11, kwa hiyo kipimo alichokitoa Ndugu Mlinzi kinaziondoa, hata kama utazikuta kwa bei nafuu. Titan 2 ni ya mwaka 2025. Ilitoka na Android 15, ina kumbukumbu ya GB 12, hifadhi ya GB 512, betri ya mAh 5,050, 5G na laini mbili. Bei yake ya kawaida ni kama dola 400 za Marekani kabla ya usafirishaji na kodi. Kodi wewe ndiye utakayetufundisha sisi.

Kioo chake ni cha mraba, inchi 4.5, na vitufe viko chini yake. Waliowahi kuiona BlackBerry Passport ya mwaka 2014 wataitambua sura hiyo mara moja. Upana wake ni karibu sentimita 9, na hapa ndipo penye kuhitaji uamuzi wako, kwa sababu huwezi kuiandikia kwa mkono mmoja. E71 yako ilikuwa na gramu 127 na Bold 9900 gramu 130. Hii ina gramu 235. Kwenye mfuko wa shati haikai. Mimi naibeba kwenye mkoba, na siku za joto nikitembea uwanjani mkono mmoja ukiwa na mafaili, sipokei ujumbe mpaka nipate pa kuweka mafaili hayo.

Faida ya mraba huo ni hati. Hati ya shehena iliyopigwa chapa kwenye karatasi ya A4 inaonekana kwa upana wake wote, na maandishi yanasomeka bila kuvuta kioo kushoto na kulia. Jedwali la mizigo lenye safu sita linaonekana lote kwa pamoja. Hasara ni kwamba programu nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya vioo virefu. Kuna programu moja ya malipo ninayoitumia ambayo kitufe cha kuthibitisha kilijificha chini ya ukingo, nikadhani malipo yamegoma. Simu ina mpangilio unaoifanya programu ionekane kwa umbo la simu ya kawaida, ikiwa nyembamba katikati ya kioo, na kitufe kikatokea. Inaudhi kidogo, lakini kazi inafanyika.

Kuhusu vitufe, ni vigumu kidogo kuliko nilivyovikumbuka vya BlackBerry, na wiki mbili za kwanza vidole gumba viliniuma. Baada ya hapo nilizoea. Jambo nililolifanya siku ya kwanza, nami nakusihi ulifanye, ni kuzima kisahihishaji cha maneno kabisa. Kwenye kioo tunakihitaji kwa sababu vidole hukosea kila mara. Kwenye vitufe unaandika kile ulichokikusudia, na Kiswahili chetu huandikwa kwa herufi zilezile zilizo mbele yako, bila alama za kuongeza juu na chini.

MwalimuMoro amejibu:

Naomba nitoe wazo tofauti, kwa heshima. Fedha za kununua simu ya pekee ambayo vipuri vyake havipatikani nchini zingeweza kutatua tatizo hili kwa njia nyingine. Simu aliyonayo Mama inaweza kupewa safu ya tarakimu ya kudumu juu ya herufi kwa kugusa sehemu moja tu ya mipangilio ya kibodi, na hapo hakuna tena kuhama ubao. Kisahihishaji kinazimika huko pia. Vilevile Google Lens inaweza kusoma namba iliyochapwa kwenye hati au kwenye mlango wa kontena na kuinakili moja kwa moja kwenye barua pepe. Zipo pia kibodi ndogo za Bluetooth zinazokunjwa. Kwa wenye iPhone, tangu mwaka 2024 kuna kava liitwalo Clicks lenye vitufe chini yake, ambalo huchukua umeme kutoka kwenye simu yenyewe, na baadaye likatengenezwa pia kwa baadhi ya simu za Android. Hayo yote yanaiacha simu ya Mama na masasisho yake kama kawaida.

FundiAggrey amejibu:

Mwalimu amesema kweli kuhusu vipuri. Kioo cha Titan 2 kikipasuka leo, mimi sina cha kukiweka. Utaagiza, na utakaa wiki kadhaa bila simu. Anayeinunua awe na simu nyingine ya kushikilia kazi, na siku inapofika aivalishe kava na kuibandika kioo cha kinga kabla hajaenda nayo bandarini.

MamaKurasini amejibu:

Mwalimu, nimejaribu yote uliyoyasema, isipokuwa kava, kwa kuwa simu yangu si miongoni mwa hizo. Safu ya tarakimu imenisaidia na nimeiacha hapo. Kunakili kwa kamera kunafaa hati ikiwa safi na mbele yangu, lakini kwenye mlango wa kontena lililokwaruzwa na kupata kutu ilisoma O mahali penye sifuri, na zaidi ya nusu ya namba ninazoziandika huwa nimesomewa na mtu kwenye simu au kwenye redio ya getini, hivyo hakuna cha kupiga picha. Kibodi ya kukunjwa inataka meza, na mimi ninaandika nikiwa nimesimama.

Kisha ikawa bahati njema. AfisaUgavi alikuja Dar kufuatilia mzigo wa ofisi yake, na tukakutana kwenye mgahawa ulio karibu na geti. Alinipa Titan 2 yake. Kijana wangu wa ofisini alinisomea namba 10 za makontena kwa mwendo wake wa kawaida, nikaziandika kwanza kwenye simu yangu ya kioo, kisha akanisomea nyingine 10 nikaziandika kwenye vitufe. Kwenye kioo nilitumia dakika 3 na nusu, na namba mbili zilikuwa na kosa. Kwenye vitufe nilitumia zaidi ya dakika 4, kwa sababu nilikuwa bado nikizitafuta tarakimu, na hapakuwa na kosa hata moja. Nilipofika namba ya saba niligundua kwamba nilikuwa nimeacha kutazama simu, namtazama kijana usoni. Sikuwa nimefanya hivyo tangu enzi za Bold.

Nimeiagiza. Kwa usafirishaji na kodi itazidi bajeti yangu kidogo, na nimekubali. Programu za benki zitabaki kwenye simu ya zamani kwa mwezi wa kwanza, mpaka nione kama vitufe vyote vya kuthibitisha vinaonekana kwenye kioo cha mraba. Swali langu la mwisho ni kwa Fundi: vumbi la bandarini ni jingi, hasa upande wa klinka, ile malighafi ya saruji, na ngano. Vitufe nitavisafisha kwa nini?

FundiAggrey amejibu:

Usitumie maji, Mama, wala ile pumzi ya mdomo tunayoipuliza sote kwa mazoea, kwani ina unyevu na husukuma vumbi ndani zaidi. Nunua brashi mpya ya rangi, ile ndogo ya nusu inchi yenye nywele laini, uiweke kwenye mkoba. Kila jioni zima simu, iinamishe vitufe vikitazama chini, na upitishe brashi kwa kufuata mistari ya vitufe kutoka kushoto kwenda kulia. Vumbi la ngano hutoka kirahisi. La klinka ndilo la kuwahi, kwa sababu likipata jasho la mkono hugeuka kuwa kama saruji, na kitufe kikishaganda hivyo usikilazimishe kwa ukucha, niletee.

Simu ikifika, kabla hujaweka laini, piga *#06# kama ulivyofanya Kariakoo, tuma kwenda 15090, na uihifadhi picha ya jibu pamoja na risiti.